Nyuzi 16 hazipozi chumba haraka, na mengine wanayoyaamini kimakosa wageni wa hoteli za mjini Mombasa

Hakuna lalamiko linalofika mapokezini mara nyingi kuliko hili: "Nimeweka kiyoyozi 16 tangu nilipoingia na chumba bado kina joto. Hoteli hii haistahili pesa yangu." Mwezi wa Machi nalisikia karibu kila jioni, kwa mawakala wa mizigo waliokuja bandarini, mawakili wenye kesi, watu wa semina, hata maharusi. Kazi yangu ni kusimamia vyumba katika hoteli za daraja la kati hapa kisiwani, zile za pande za Moi Avenue na Digo Road ambazo mgeni hulipa elfu tano, sita au saba kwa usiku. Pesa hiyo si ndogo na mgeni ana haki ya kuiuliza imekwenda wapi. Linaloniuma ni kuona hoteli inahukumiwa kwa kipimo kisicho sahihi, na mgeni mwenyewe analala vibaya usiku kucha kwa kitu ambacho angekirekebisha kwa kidole.

Namba iliyo kwenye rimoti ni mahali pa kusimama. Haiongezi mwendo. Uweke 16 au 24, mashine huanza kazi kwa nguvu ileile na hewa inayotoka ina ubaridi uleule. Ukiweka 24, itapumzika ikifika 24. Ukiweka 16, itaendelea kuisaka namba ambayo katika joto la Mombasa huenda isiifikie mpaka kunakucha. Ukimwambia dereva wa matatu kwamba unashukia Kilifi, hutafika Nyali, iliyo njiani, mapema. Utapitishwa kituo chako tu. Zipo mashine za inveta ambazo hupunguza na kuongeza kasi zenyewe, lakini hata hizo zikikuta chumba kina nyuzi 31 huanza kwa nguvu zake zote, hata ukiwa umeziwekea 24.

Halafu kuna unyevu, na hapa ndipo wageni wanaotoka Nairobi wanapotatizika. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni kavu na usiku hupoa wenyewe. Mombasa bahari imetuzunguka, na unyevu hewani mara nyingi hupita asilimia 70. Kiyoyozi huku kina kazi mbili: kupoza hewa na kuikamua maji. Yale maji unayoyaona yakidondoka kwenye kibomba nje ya dirisha yametoka katika hewa uliyokuwa ukiivuta. Sehemu ya nguvu ya mashine huishia kwenye kukamua, kwa hiyo ukiangalia joto peke yake utadhani hakuna kinachofanyika. Subiri. Fukuto na joto huondoka pamoja, polepole. Chumba kilichokuwa kimefungwa mchana kutwa, tena kinachotazama magharibi na kuta zake zimepigwa jua la alasiri, kinahitaji nusu saa kabla hujasema lolote.

Lakini mgeni hasubiri. Dakika kumi zikipita anafungua mlango wa roshani "kuingiza hewa", na kiyoyozi kinaunguruma kwenye 16. Nikipanda na fundi, jambo la kwanza ninalosema ni, "Samahani mama, hebu tufunge huo mlango." Hewa ya nje ya Machi huanza kuacha umande ikigusa kitu chenye nyuzi 24 au 25 hivi. Kwa hiyo ukiwa umeshapoza kuta, kioo na vigae kupita hapo, kisha ukafungua mlango, kila kitu kitatoa jasho. Kioo kitafunikwa ukungu, sakafu itateleza, shuka zitashikika kama hazikukauka. Ukirudia hivyo siku tatu, nyuma ya kabati patakuwa na madoa meusi na chumba kitanuka uvundo. Mgeni ataandika kwamba hoteli ina uvundo, na hatakuwa amesema uongo. Ila wanaomtangulia na wanaomfuata ndio wanaoutengeneza, mlango mmoja baada ya mwingine.

Ushauri wangu haujabadilika na nitaurudia kwa yeyote atakayenisikiliza. Ukiingia, funga madirisha, vuta mapazia mazito, weka kiyoyozi 24 na feni yake iwe ya kasi ya juu. Chumba kikishakauka, kipandishe hadi 25 na uwashe pangaboi. Upepo wa pangaboi ukipita kwenye ngozi, mwili huhisi baridi ya nyuzi mbili au tatu zaidi kuliko ile iliyopo, na koo haitakauka usiku. Rimoti nyingi zina alama ya tone la maji. Hiyo ni ya kukausha hewa, nayo wakati wa mvua za masika, Aprili na Mei, inafaa kuliko kupoza. Ukitaka hewa ya nje, zima kiyoyozi kwanza ndipo ufungue. Kuanzia Juni hadi Agosti kusi likivuma, dirisha lililo wazi na pangaboi vinatosha, na mimi nalala hivyo.

Nisieleweke kwamba kiyoyozi hakiharibiki. Huharibika sana huku, kwa kuwa hewa ya chumvi hula mapezi ya ile mashine ya nje, na filta isiyooshwa kila mara huziba. Namna ya kujua ni rahisi. Chumba kikiwa kimefungwa kwa dakika ishirini, weka mkono pale hewa inapotokea. Inapaswa kuwa baridi waziwazi, nyuzi nane hadi kumi na mbili chini ya hewa ya chumbani. Ukihisi upepo wa vuguvugu, au maji yanadondokea ndani, au mashine inawaka na kuzima kila dakika, hapo usikubali kuambiwa "kitapoa tu". Dai chumba kingine usiku uleule. Hoteli isiyoosha filta zake haistahili elfu sita zako, na hilo nitalisema hata kama ni hoteli ninayoisimamia.

"Maji ya chumvi bafuni ni dalili kwamba hoteli inabana pesa."

Kisiwa hiki hakina mto. Maji ya mfereji hutoka bara: chemchemi za Mzima huko Tsavo Magharibi, kwa bomba la zaidi ya kilomita 200, Baricho kwenye mto Sabaki, na Marere na Tiwi upande wa Kwale. Hayatoshi, na huja kwa zamu. Hoteli isiyokuwa na kisima chake itakuacha na sabuni usoni. Maji ya kisima hapa hupita katika mwamba wa matumbawe na yako karibu na bahari, kwa hiyo yana chumvi na chokaa, na sabuni haitoi povu vizuri. Kuoga hayana neno, kunywa, usinywe. Hoteli inayojali huweka maji ya mfereji au ya boza kwenye tangi la peke yake kwa jikoni, na ya kisima ikayapeleka bafuni na chooni. Uliza kabla ya kulipa, hasa kama una nywele za kuangalia: "Bafuni kuna maji ya kisima au ya mfereji?" Atakayekujibu bila kubabaika anaijua nyumba yake.

"Ina nyota tatu kwenye simu yangu, kwa hiyo ni ya nyota tatu."

Nyota rasmi nchini Kenya hutolewa na mamlaka ya serikali ya udhibiti wa utalii, kwa vigezo vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, moja hadi tano. Wakaguzi huangalia majengo, vifaa, usalama, huduma na wafanyakazi. Hoteli nyingi nzuri za mjini hazijapewa nyota yoyote. Nyota unazoziona kwenye programu za kutafutia vyumba mara nyingi zimejazwa na mwenye hoteli mwenyewe, na ile alama ya 7.9 au 8.4 iliyo pembeni ni maoni ya wageni, kitu kingine kabisa. Soma maoni ya miezi ya karibuni, tena yale ya mtu aliyekuja kwa shughuli kama yako. Aliyekuja kulala usiku mmoja akisubiri ndege ya asubuhi hawezi kukuambia wiki ya semina itakuwaje.

"Bila bahari dirishani, nalipia nini?"

Unalipia mahali. Ukikaa katikati ya mji unafika mahakamani, soko la Marikiti, Mji wa Kale na Fort Jesus kwa miguu, na jioni unakwenda kupunga upepo kwenye bustani ya Mama Ngina kando ya bahari. Anayelala Diani akiwa na kikao cha saa mbili asubuhi mjini ana kivuko cha Likoni mbele yake, au mzunguko mrefu wa barabara ya Dongo Kundu. Kama umekuja kuogelea na watoto, nenda ufuoni, Bamburi au Diani, na usije kwetu ukahuzunika. Kuhusu kelele, omba chumba cha nyuma, juu ya ghorofa ya tatu, mbali na barabara. Adhana ya alfajiri utaisikia popote utakapolala kisiwani.

"Bei ya mtandaoni ndiyo ya chini kabisa, kupiga simu ni kupoteza muda."

Chukua chumba cha shilingi 6,000. Ndani yake kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, ambayo ni zaidi ya shilingi 800, na tozo ya utalii ya asilimia 2, kama mia moja hivi. Programu nayo huchukua kamisheni yake, mara nyingi asilimia 15 au zaidi, yaani shilingi 900 au kupita. Ukipiga simu, hiyo 900 iko mezani. Huenda meneja asiweze kutangaza bei ya chini hadharani kwa sababu ya mikataba, lakini anaweza kukupa kifungua kinywa, au kukuacha uondoke saa nane mchana badala ya saa nne asubuhi, au kukupa chumba kikubwa. Usiombe tu "punguzo". Omba kitu kinachotajika. Desemba na Pasaka usitarajie mengi, Mei utasikilizwa.

Na ukishaomba kifungua kinywa, uliza kama kuna mahamri na mbaazi. Hoteli zetu nyingi zinang'ang'ania soseji baridi na mkate wa kuchoma, huku wapishi wao wanajua kupika viazi vya karai na chai ya tangawizi kuliko mikahawa yote ya jirani. Wageni wakiuliza, jikoni watapika.

"Nimelipia tarehe 12, kwa hiyo chumba ni changu tarehe 12 tangu alfajiri."

Treni ya usiku kutoka Nairobi hufika kituo cha Miritini kabla jua halijatoka, na kila siku kuna mtu anayesimama mbele ya meza ya mapokezi na sanduku lake gizani, amechoka, akidai kitanda. Usiku wa tarehe 12 huanza mchana wa tarehe 12, kwa kawaida saa nane, baada ya aliyelala kuondoka na chumba kusafishwa. Ukifika alfajiri unahitaji usiku wa tarehe 11. Au piga simu siku moja kabla ueleze unakuja na treni gani. Chumba kikiwa tupu, hoteli nyingi zitakuingiza kwa nusu bei au bure. Bila simu hiyo, tutakachoweza kukupa ni kiti, choo na mahali pa kuweka mizigo.

La mwisho ndilo linaloharibu sifa ya hoteli kwa urahisi zaidi: "Kulalamika papo hapo hakusaidii, nitaandika nikifika nyumbani." Mgeni hulala siku tatu na taa ya bafuni iliyokufa, anaulizwa asubuhi kama amelala salama, anajibu "vizuri, asante", kisha Jumapili tunasoma aya nne kuhusu taa. Najua ni adabu, na watu wengi wamelelewa wasiwe wasumbufu ugenini. Lakini taa hubadilishwa kwa dakika tano. Zamu ya usiku ina fundi, na hoteli nyingi za daraja hili huacha chumba kimoja au viwili wazi kwa dharura. Piga sifuri kwenye simu ya chumbani au ushuke mwenyewe, taja namba ya chumba, tatizo, na limeanza saa ngapi, na uulize jina la unayezungumza naye. Omba liandikwe kwenye kitabu cha zamu mbele yako, kwa sababu lisipoandikwa, anayeingia kazini saa moja asubuhi hatajua lolote. Zikipita dakika sitini bila mtu kuja, usimpigie tena huyohuyo. Omba meneja wa zamu.