Kasha la Bastola ya Gumegume: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Karakana yangu iko Kariobangi, Nairobi, mahali ambapo ukisimama barabarani utasikia nyundo za mabati upande huu na misumeno upande ule. Nilianza na vitanda na makabati kama fundi yeyote. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi yangu ni makasha ya mbao ya kuwekea bastola za mtindo wa kale: za gumegume, ambazo jiwe hupiga chuma na cheche ikawasha baruti, na za fataki, ambazo nyundo hupiga kikofia kidogo chenye kilipuzi, zilizochukua nafasi yake katika karne ya 19. Wanaoniagiza ni wakusanyaji wa vitu vya zamani, watu wa michezo ya kuigiza, na familia zinazomwandalia mzee wao zawadi ya kustaafu. Nyingi ya bastola hizo ni nakala zilizotengenezwa juzijuzi kwa umbo la zamani. Chuma hakijali. Kiwe cha 1790 au cha mwaka jana, kutu hukila vilevile.

Nimeandika haya kwa sababu mara nyingi anayeiharibu bastola si mwizi wala mvua. Ni kasha lenyewe, tena lile zuri lililogharimu pesa nyingi.

"Mti mgumu ndio mti bora."

Hii ndiyo inayonisumbua kuliko zote, maana mteja huja ameshaamua. Anataka mwaloni kwa sababu amesikia makasha ya Uingereza yalikuwa ya mwaloni. Ni kweli, mengine yalikuwa ya mwaloni na mengine ya mahogani. Lakini mwaloni una tanini nyingi, na hutoa mvuke wa asidi ileile iliyomo ndani ya siki, tena hata ukiwa mkavu na wa miaka mingi. Ndani ya kasha lililofungwa mvuke huo hauna pa kutokea. Unakaa na chuma usiku na mchana.

Kinachoumia kwanza ni risasi. Kiswahili chetu hutumia neno moja kwa madini na kwa kile kitokacho mtutuni, na kwa bastola hizi neno linatosha: tufe lake ni risasi tupu, lililomiminwa kwenye kalibu ndogo ambayo nayo ina chumba chake ndani ya kasha. Ukifungua kasha la mwaloni lililokaa muda mrefu, unaweza kukuta tufe zimevaa unga mweupe kama chokaa. Watu hudhani ni vumbi, wakapuliza. Usipulize! Huo ni risasi iliyoliwa na asidi, na ni sumu. Vaa glavu, futa kwa kitambaa chenye unyevu, kisha kitupe.

Hapa kwetu kuna mtego mwingine. Mbao ambazo wauzaji wa Nairobi huziita "Meru oak" si za mwaloni hata kidogo. Ni mti wa asili wa maeneo ya Mlima Kenya, jina lake la kitaalamu ni Vitex keniensis, wa jenasi moja na mfuu ambao watoto hula matunda yake. Basi usiuogope kwa sababu ya jina, wala usiuamini kwa sababu ya jina. Mutarakwa, sida ya hapa kwetu, nao husifiwa kwa harufu, na kweli sanduku la nguo la mutarakwa ni raha. Lakini harufu ni mafuta yanayopaa hewani, na mafuta hayo hutua kwenye chuma na kulainisha vanishi. Kwa bastola siutumii.

Mimi hutumia mahogani, ambayo asidi yake ni kidogo kuliko ya mwaloni, na hata hivyo siiachi uchi kwa ndani. Napaka shelaki, vanishi itokanayo na utomvu wa wadudu, mara kadhaa, naiacha ikauke wiki kadhaa, kisha chini ya kitambaa natandika karatasi ya alumini. Shelaki hupunguza mvuke bila kuukomesha. Alumini ndiyo ukuta.

"Mbao hizi ni kavu, nimezinunua zikiwa kavu."

Ukavu wa neno la muuzaji si ukavu wa mbao. Mafundi wa zamani walihesabu takriban mwaka mmoja wa kukausha kivulini kwa kila inchi ya unene, na ni nani sokoni Gikomba atakayekaa na mbao mwaka mzima? Kwa hiyo pima mwenyewe. Kata kipande kidogo, kitie kwenye mizani ya jikoni, kikaushe kwenye oveni ya nyuzi 103 hadi uzito ukome kushuka, kisha pima tena. Kikitoka gramu 120 kikafika 100, maji yalikuwa asilimia 20 ya uzito mkavu. Hizo bado ni mbichi kwa kasha. Mimi nataka 12 au chini yake.

Tofauti hiyo utaiona baadaye kwenye kifuniko. Mbao haziongezeki urefu kwa kiasi cha kuonekana. Hutanuka na kusinyaa kwa upana. Kifuniko cha sentimita 30 kinaweza kubadilika milimita mbili hivi unyevu ukishuka asilimia chache, na milimita mbili zinatosha kukifanya kigome kufungika au kupasuka pale kilipogundishwa. Ndiyo maana silichongi kasha na kifuniko mbalimbali. Naunda sanduku moja lililofungwa pande zote sita, kisha nalikata kwa msumeno kifuniko kitoke mwilini mwake. Nyuzi za mbao zinaendelea kutoka chini hadi juu bila kukatika, na vipande vyote viwili ni vya ubao uleule, uliokauka pamoja.

Kuna na wanaosema Nairobi haina chumvi ya bahari kama Mombasa, kwa hiyo kutu si shida yetu. Waulize wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, au asubuhi za Julai. Na chumvi tunayo sote kwenye vidole. Alama ya kidole kwenye mtutu uliosuguliwa inaweza kuota kutu kabla ya wiki kuisha.

"Ndani weka chochote, mradi kipendeze."

Hili lilinipata mwenyewe. Mwanzoni nilibandika kitambaa kwa silikoni ya kawaida ya hadiwea, ile inayonuka siki. Kasha likatoka safi, nikakabidhi. Baada ya miezi miwili mwenyewe akarudi na bastola imefungwa kwenye taulo, mstari wa kutu umeufuata mtutu pale ulipolalia kitambaa. Harufu ile ya siki ndiyo asidi yenyewe. Nilisugua, nikatengeneza kasha jipya bila malipo, na tangu siku hiyo hakuna gundi wala kitambaa kinachoingia karakanani kabla ya kujaribiwa.

Njia nimeiiga kutoka kwenye jaribio la Oddy, la kuona kama kitu kitaharibu metali iliyo karibu nacho, lililoanzishwa British Museum mwaka 1973. Wao huweka kitu kinachochunguzwa pamoja na vipande vya fedha, risasi na shaba kwenye chupa yenye unyevu, katika joto la nyuzi 60 kwa siku 28. Mimi sina maabara. Nachukua chupa ya jamu, natia kipande cha kitambaa au mbao, msumari uliosuguliwa, waya wa shaba na chubwi ya mvuvi, ambayo ni risasi ya bei nafuu. Naongeza pamba yenye maji kidogo, nafunga, naiweka juu ya kabati karibu na paa la mabati. Chupa ya pili inakuwa na vyote isipokuwa kile ninachokichunguza. Baada ya wiki nne nalinganisha. Si sayansi ya makumbusho, lakini imeniepusha na aibu mara nyingi.

Sufu halisi, kwa mfano, ina salfa, na salfa huitia fedha weusi. Bastola ikiwa na mapambo ya fedha, sufu haifai hata ikiwa nzuri kiasi gani. Ngozi dhidi ya shaba nayo huzaa ukoko wa kijani.

"Mahameli nyekundu ndiyo ya asili."

Inategemea asili ya nani. Mtindo wa Kiingereza hugawa kasha kwa kuta nyembamba zilizonyooka, vyumba vyumba, na kitambaa kwa kawaida ni cha sufu ya kijani. Mtindo wa Kifaransa huchonga kitanda cha kila kitu kwa umbo lake, bastola ikatumbukia kama mbegu kwenye ganda, na hapo mahameli ndiyo hutawala. Bastola ya mtindo wa ndugu Manton, mafundi bastola wa London, kwenye kitanda cha Kifaransa ni kama kanzu juu ya buti za mpira. Uliza kwanza nakala yako inaiga kazi ya nani.

"Kasha la zamani ni ushahidi kwamba bastola ni ya kweli."

Hapana. Makasha mengi yameundwa au kujazwa baadaye ili bei ipande, na kibandiko cha karatasi chenye jina la fundi wa London huchapishwa leo kama kadi ya harusi. Kagua kitambaa: bastola iliyolala miaka mingi huacha alama ya umbo lake. Alama na bastola zikikosana, kuna kilichobadilishwa. Mimi huandika jina langu na mwaka kwa kalamu ya moto chini ya kasha, na aliyetaka nibandike kibandiko cha kuiga ukale nilimrudishia malipo yake ya awali.

Kuhusu sheria nitasema kwa ufupi. Kasha si silaha. Bastola inayoweza kufyatua ni silaha hata ikiwa ya gumegume, na Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inataja hata silaha bandia. Mwenye nakala aulize Bodi ya Leseni za Silaha kabla ya kununua, na asiibebe mjini eti kwa sababu iko ndani ya kasha zuri.

"Bastola ilale ndani ya kasha lake daima."

Kasha ni la kuonyeshea. Kila ninapokabidhi moja, naambatanisha mfuko wa pamba isiyotiwa rangi, na ndani ya mfuko pakiti ya silika ya kunyonya unyevu. Bastola ipakwe mafuta mepesi, ilale humo kwenye kabati lenye ufunguo, na kasha lingoje wageni. Mzee mmoja wa Lang'ata alinitazama kwa muda mrefu nilipomwambia hivyo. "Sasa kijana wangu, mimi nimelipia nini?" Nikamshushia chupa mbili kutoka juu ya kabati. Katika moja, chubwi ilikuwa imekaa wiki nne na kipande cha mwaloni. Katika nyingine, na mahogani iliyopakwa shelaki na kufunikwa alumini. Akazigeuzageuza kwenye mwanga wa mlangoni, akazirudisha mezani bila neno, kisha akaondoka na kasha kwapani na mfuko wa pamba mkononi.