Je, wajua kwa nini machipukizi ya brokoli hutajwa sana kwenye habari za usonji?

Chanzo chake ni homa. Wazazi wengi wa watoto wenye usonji wamesimulia jambo la kushangaza: mtoto akipatwa na homa hutulia, humtazama mtu usoni, pengine hata maneno huongezeka. Homa ikishuka, anarudi alivyokuwa. Watafiti wakajiuliza joto lile linaamsha nini mwilini. Wakashuku kinga iliyomo ndani ya seli, ile inayozilinda zisiharibiwe na joto na sumu. Na ipo kemikali ya mboga inayoiamsha kinga hiyo pasipo homa: salforafeni.

Maabara ya Paul Talalay, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani, iliitambua ndani ya brokoli mwaka 1992. Mwaka 1997 ikaonyesha kwamba machipukizi ya siku 3 yanaweza kuwa na malighafi yake mara 10 hadi 100 kuliko brokoli iliyokomaa. Nasema malighafi kwa sababu salforafeni yenyewe hutengenezwa jani linapotafunwa. Ukilichemsha sana, kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo huharibika.

Mwaka 2014 yalitoka matokeo ya jaribio la vijana wa kiume 44 wenye usonji, wa miaka 13 hadi 27. Kwa wiki 18 baadhi walipewa salforafeni ya machipukizi ya brokoli, wengine vidonge visivyo na dawa. Waliopewa salforafeni walipata nafuu katika tabia na mawasiliano. Walipoacha, hali ikaelekea kurudi ya zamani. Lakini kile kilikuwa kipimo maalumu cha salforafeni, si kachumbari, na majaribio ya baadaye kwa watoto yametoa majibu yanayopishana. Anayemuuzia mzazi trei ya machipukizi au mboga changa kwa jina la dawa ya usonji anamwibia, tena anamwibia mtu aliyekwisha kuchoka.

Faida ninayoiamini mimi ni ya mezani. Watoto wengi wenye usonji hukataa mboga kwa sababu ya harufu, rangi, au nyuzi zinazokwaruza ulimi. Mboga changa, zinazokatwa zikiwa na siku 7 hadi 14, ni laini na fupi. Panda mchicha, sukuma wiki au figili kwenye sinia lenye udongo dirishani, kwa mbegu zisizopakwa dawa. Mwachie mtoto amwagilie, aguse, anuse. Kisha weka majani mawili pembeni mwa chakula anachokipenda, yasigusane nacho, na usimlazimishe. Asipokula leo, yaweke tena kesho.

Osha vizuri. Machipukizi yanayooteshwa kwenye unyevu na kuliwa na mizizi yake hubeba bakteria kirahisi: mwaka 2011 nchini Ujerumani, machipukizi ya uwatu yaliugueza maelfu na kuua zaidi ya watu 50. Mboga changa hukatwa juu ya udongo, hivyo hatari yake ni ndogo zaidi. Vidonge vya salforafeni, hasa kwa mtoto mwenye kifafa, ni vya kuzungumza na daktari kwanza.