Makazi ya wazee yasiyolipa kodi na mjenzi anayeondoka na faida

Tangu nianze kushughulikia kodi za mashirika yasiyolenga faida nchini Marekani, swali ninaloulizwa mara nyingi hutoka kwa ndugu zetu wa Afrika Mashariki wanaofanya kazi ya kuhudumia wazee huko. Huuliza hivi: inakuwaje makazi ambayo mzee hulazimika kuuza nyumba yake ili apate ada ya kuingilia, yenye bwawa la kuogelea na mkahawa wa meza zilizotandikwa vitambaa vyeupe, yahesabiwe kuwa ni ya hisani na yasamehewe kodi? Muulizaji huwa ameona utajiri wa wakazi na akadhani hapo ndipo penye kasoro. Mimi hutazama kwanza aliyejenga, aliyeuza ardhi, na mwenye uwezo wa kumfukuza mwingine.

Utajiri wa wakazi, kwa upande wa kodi ya mapato ya serikali kuu, haukatazwi. Zamani Idara ya Mapato ya Marekani, yaani IRS, ilitaka nyumba ya wazee inayodai msamaha wa kifungu cha 501(c)(3) cha sheria ya kodi, kinachohusu mashirika ya hisani, ionyeshe kwamba inawahudumia maskini, bure au chini ya gharama. Msimamo huo ulibadilika mwaka 1972 kwa Tamko namba 72-124, lililokubali kwamba uzee wenyewe huleta dhiki za aina yake hata kwa mtu mwenye fedha. Tamko hilo lilitaja mahitaji matatu ambayo shirika linapaswa kuyatimiza: makazi yanayofaa mwili wa mzee, huduma ya afya, na usalama wa kifedha. Mawili ya kwanza hutimizwa na mjenzi yeyote mwenye akili, kwa kuweka vishikio bafuni na kuajiri wauguzi. La tatu ndilo linalotenganisha hisani na biashara, kwa maana shirika linatakiwa liwe na sera thabiti ya kutomwondoa mkazi aliyeishiwa fedha, kwa kadiri hali ya kifedha ya shirika inavyoruhusu, na litoze kiwango cha chini kabisa kinachowezekana.

Ndiyo maana nikikabidhiwa jalada la makazi mapya sianzi na katiba ya shirika, ambayo aghalabu imenakiliwa kutoka katiba nyingine. Naanza na mkataba ambao mkazi hutia saini. Ukisema kwamba anayechelewa malipo kwa siku kadhaa ataondoka, bila kutaja mfuko wa kumsaidia, basi sera nzuri iliyoko kwenye kumbukumbu za bodi haimsaidii mzee yeyote. Na ahadi isiyo na akiba nyuma yake ni hatari vilevile. Mwaka 1977 Pacific Homes, shirika lenye uhusiano na Kanisa la Methodisti lililoendesha makazi ya wazee California, Arizona na Hawaii, lilifilisika baada ya kuuza mikataba ya matunzo ya maisha kwa bei isiyolingana na gharama ya wazee walioendelea kuishi miaka mingi.

Sasa tuje kwa mwendelezaji, yaani mtu au kampuni inayonunua ardhi, kuipima, kuijenga na kuiuza. Sheria haina ugomvi na faida yake. Mkandarasi wa hospitali ya kanisa hupata faida, na muuza mabati naye hupata, wala hakuna anayedai kwamba hospitali imepoteza hisani yake kwa kuwalipa. Mashaka huanza pale muuzaji anapokuwa ndiye aliyemchagua mnunuzi. Mpangilio wenyewe ninaufahamu vyema kwa kuwa nimeukuta kwa sura mbalimbali: mwendelezaji ana ardhi, anaandikisha shirika lisilolenga faida na kuteua wadhamini watatu au wanne wanaomfahamu, shirika linakopa kwa hati fungani ambazo riba yake haitozwi kodi, fedha hizo zinanunua ardhi na majengo yake, kisha kampuni yake nyingine inapewa mkataba wa kuyaendesha. Ukisoma kila hati peke yake huoni kosa. Ukizisoma zote pamoja, unaona shirika lililogeuzwa mfereji wa kupitishia fedha.

Mfano unaojulikana zaidi haukuhusu shirika la hisani moja kwa moja, ila mantiki yake ni ileile, nami huutumia kila ninapofundisha. The Villages, mji mkubwa wa wastaafu katikati ya Florida, ulijengwa na kampuni ya familia kwa kutumia sheria ya jimbo ya mwaka 1980 inayoruhusu kuundwa kwa wilaya maalumu za maendeleo, ambazo huhesabiwa kuwa vyombo vya serikali na hivyo zinaweza kutoa hati fungani zisizotozwa kodi. Kwa kawaida bodi ya wilaya ya namna hiyo huchaguliwa mwanzoni na wenye ardhi, halafu baada ya miaka kadhaa, wakazi wakishakuwa wa kutosha, kura huhamia kwao. Wilaya ya katikati ya mji, Village Center, ilichorwa ikazunguka eneo la biashara ambalo karibu halikuwa na wakazi. Zamu ya wakazi kupiga kura, basi, isingefika kamwe, na wenye ardhi walikuwa mwendelezaji na wenzake. Wilaya hiyo ilinunua kwake viwanja vya gofu, vibanda vya walinzi na kumbi za burudani, kwa bei iliyokokotolewa kwa kutazama ada ambazo wakazi wangelipa miaka ijayo. Kwa maneno mengine, wakazi waliuziwa ada zao wenyewe.

IRS ilianza kuchunguza hati fungani za wilaya hiyo mwaka 2008. Mwaka 2013 wanasheria wake waliandika kwamba wilaya iliyoundwa ili ibaki chini ya mkono wa mtu binafsi daima, bila kuwajibika kwa wapiga kura, haistahili kuitwa chombo cha serikali. Mwaka 2016 uchunguzi ulifungwa bila wenye hati kutozwa kodi, na kanuni ambazo Hazina ilikuwa imezipendekeza mwaka huohuo ili kuziba mwanya ziliondolewa mwaka 2017. Wapo waliosema mwendelezaji alishinda. Mimi nasema swali la nani hasa anayetawala liliulizwa vizuri na likaachwa njiani.

Kwa mashirika ya hisani, swali hilohilo lina meno zaidi. Tangu mwaka 1996 kifungu cha 4958 kinamtoza mtu mwenye ushawishi mkubwa juu ya shirika kodi ya asilimia 25 ya kile alicholipwa kupita thamani halisi, na asilimia 200 asiporekebisha. Adhabu inamfuata yeye, na shirika linaweza kubaki na msamaha wake. Hata hivyo mtu hawi wa ndani, yaani mwenye ushawishi wa namna hiyo, kwa sababu tu amepata mkataba mnono. Katika kesi ya United Cancer Council, shirika la hisani la kupambana na saratani, mchangishaji na gharama za uchangishaji zilimeza zaidi ya dola milioni 26 kati ya karibu milioni 29 zilizokusanywa, na bado mwaka 1999 Mahakama ya Rufani iliyoko Chicago ilikataa kumwita mtu wa ndani, kwa kuwa alikuwa mgeni aliyewashinda wadhamini kwa majadiliano. Mwendelezaji aliyeliasisi shirika mwenyewe hawezi kujificha nyuma ya hukumu hiyo, kwani hakuwa mgeni hata siku moja.

Mkataba wa uendeshaji nao una kanuni zake pale majengo yanapokuwa yamegharamiwa kwa hati fungani. Mwongozo namba 2017-13 wa IRS unakataza malipo ya meneja yategemee faida halisi ya makazi, na unataka muda wa mkataba usizidi miaka 30 au asilimia 80 ya uhai wa majengo, ule ulio mfupi. Anayetaka kuchungulia bila kuomba ruhusa afungue Fomu 990 ya shirika, yaani taarifa yake ya kila mwaka kwa IRS, ambayo ni ya wazi kwa umma: Jedwali K linaeleza hati fungani, na Jedwali L linaeleza biashara kati ya shirika na watu wake wa karibu. Jedwali L likiwa tupu katika makazi yaliyojengwa na muasisi wake, mimi huanza kuuliza maswali.

Kodi ya majengo ni jambo la majimbo, na huko upepo ni mkali zaidi. Mwaka 1968 Mahakama ya Juu ya Illinois, katika kesi ya Methodist Old Peoples Home, iliwanyima wamiliki msamaha wa kodi ya majengo, kwa sababu ada za kuingilia zilikuwa ukuta mbele ya mzee maskini. Pennsylvania, tangu mwaka 1985, inadai pamoja na mambo mengine kwamba sehemu kubwa ya huduma itolewe bure na kwamba shirika lisiwe na shabaha yoyote ya faida binafsi. Shirika laweza basi kuwa la hisani mbele ya serikali kuu na likawa mlipa kodi wa kawaida mbele ya kaunti.

Jalada moja nililolishughulikia, la makazi ambayo sitayataja, lilikuwa na mkataba uliomruhusu meneja kuondolewa wakati wowote, mradi alipwe kwanza ada za miaka yote iliyosalia. Bodi iliniambia kwa fahari kwamba ina uwezo wa kumfukuza. Niliwaomba wakokotoe kiasi hicho palepale mezani, na kilipotoka kilizidi akiba yote ya shirika. Mkataba uliandikwa upya kwa fidia ya miezi sita, wadhamini wawili wasio na uhusiano na mwendelezaji wakaongezwa, na bei ya ardhi ikarudishwa kwa mthamini huru kabla hati fungani hazijatolewa.