Fremu iliyodondoka ni nini?

Video ni rundo la picha zilizotulia zinazopita mbio mbele ya macho, na kila picha moja inaitwa fremu. Simu nyingi hurekodi fremu 30 kwa sekunde, yaani kila fremu ina zamu ya milisekunde 33 hivi. Kompyuta ikichelewa kuandaa fremu mpaka zamu yake ikapita, inaiacha na kurukia inayofuata, ili picha isibaki nyuma ya sauti. Ile iliyoachwa ndiyo fremu iliyodondoka.

Kwa anayetazama mpira si kitu, jicho linasamehe. Kwa anayepima muda wa kujibu, ambako tofauti anayoitafuta inaweza kuwa milisekunde 40 tu, fremu mbili zikidondoka zimeshakula matokeo yote.

Mwanafunzi mmoja wa saikolojia hapa Lubumbashi aliniletea laptopu yake. Jaribio lake alilitengeneza kwa PsychoPy, programu ya bure iliyoanzishwa na Jonathan Peirce wa Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza. Uso kwenye video unatoka kwenye utulivu na kuingia hasira polepole, mshiriki anabonyeza spesi mara tu anapoiona hasira. Aliowapima asubuhi, kwao Katuba, walijibu upesi. Wa jioni walichelewa, na tayari alikuwa ameandika kurasa nne juu ya uchovu wa siku.

"Yaya, video haina shida," akaniambia. "Nikiifungua kwa VLC inacheza safi."

Nikamuuliza kama jioni umeme unakuwako. Akacheka.

Laptopu ikitumia betri mara nyingi hupunguza kasi ya prosesa ili chaji idumu. Saa ya jaribio lake ilianza kuhesabu pale video ilipoamriwa kuanza, huku picha ya kwanza haijafika kwenye skrini. Kisha uso ulipoanza kubadilika, fremu zikadondoka hapo hapo. Washiriki wa jioni walikuwa wanaingojea hasira ambayo kompyuta ilikuwa haijawaonyesha. VLC si shahidi wa kuaminika katika kesi hii. Kazi yake ni kucheza video basi, na ikikwama kidogo haidaiwi na mtu. Programu ya jaribio inacheza video, inasikiliza kibodi na kuandika muda, vyote kwa wakati mmoja.

Kuna na suala la gunia. Watu husema "video yangu ni mp4" kana kwamba wamemaliza maelezo, lakini mp4 ni gunia tu. Gunia la bunga laweza kuwa na mahindi au muhogo, na hutajua mpaka ulifungue. Kilichomo ndani kimefungwa kwa kodeki, yaani utaratibu wa kuibana video na kuifungua tena. H.264, ya mwaka 2003, inafunguliwa kirahisi na karibu kila mashine. H.265, ya 2013, inabana zaidi, faili inakuwa dogo, ila kuifungua ni kazi nzito kwa laptopu ya zamani. Simu nyingi mpya zinarekodi kwa hiyo ya pili bila kukuuliza, na ndivyo ilivyokuwa video ya yule uso.

Tiba yake ilikuwa mstari mmoja wa FFmpeg, programu ya kugeuza video kwa amri za kuandika, nayo ni ya bure:

ffmpeg -i uso.mp4 -c:v libx264 -pix_fmt yuv420p -r 30 -vf scale=1280:-2 -an uso30.mp4

Hapo tumerudi H.264, tumepunguza ukubwa wa picha, tumesawazisha fremu ziwe 30 kila sekunde (simu hubadilishabadilisha idadi hiyo, hasa penye mwanga hafifu), na tumeondoa sauti kwa sababu jaribio halikuihitaji. Kama lako linaihitaji, toa -an.

Hiyo 30 sikuiokota. Skrini ya kawaida hujichora upya mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo kila fremu inapata michoro miwili kamili. Video ya fremu 25 ingetaka michoro miwili na nukta nne, kitu kisichowezekana; nyingine zinapata miwili, nyingine mitatu. Hakuna iliyodondoka, lakini mwendo unachechemea vilevile.

Sasa mtego ulionikamata hata mimi. PsychoPy huhesabu na kuonya pale skrini inapokosa mchoro wake kwa wakati. Hesabu hiyo haihusu fremu za video yenyewe: skrini yaweza kuchora mara 60 bila kosa, huku ikirudia picha ileile ya zamani. Hesabu ya makosa inasoma sifuri, nawe unalala usingizi.

Ndiyo maana nilichapa namba kwenye kona ya kila fremu, FFmpeg inaweza hilo pia, nikairekodi skrini kwa simu kwa mwendo wa polepole, picha 240 kwa sekunde. Faili la zamani, laptopu ikiwa kwenye betri: 41, 42, 46. Faili jipya, betri ileile: 41, 42, 43, 44, mpaka mwisho bila pengo.

Zile kurasa nne za uchovu alizifuta mwenyewe, na washiriki wa jioni akawatafuta upya.