Majina yasiyomo kwenye barua ya uhamisho

Barua ya uhamisho kwenda kituo cha nje huwa na jina moja. Inamtaja mtumishi, cheo chake, namba yake ya cheki, ubalozi anaokwenda na tarehe anayotakiwa kuripoti, kisha inafuata sahihi na mhuri. Kabla ya mtumishi huyo kupanda ndege, hata hivyo, meza yangu itakuwa imepitisha majina matano, sita, na wakati mwingine manane, ambayo mengi ni ya watu wasiolipwa mshahara na Serikali na wasiojua hata jengo letu liko wapi. Nimekuwa afisa utumishi katika utumishi wa mambo ya nje wa Tanzania kwa miaka ya kutosha kusema kwamba sehemu kubwa ya kazi yetu, na sehemu yake iliyo ngumu zaidi, inawahusu watu hao.

Wasomaji wanaofanya kazi kama yangu katika halmashauri na wizara nyingine wataitambua nusu ya siku yangu. Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002 inatuongoza sote, kwa hiyo hapa Mtumba, Dodoma, nami ninashughulika na ikama, yaani idadi ya watumishi wanaoruhusiwa, vibali vya ajira, kupandisha vyeo, likizo, mashauri ya nidhamu na bajeti ya mishahara kama mwenzangu aliye Singida. Nusu ya pili ya siku ndiyo inayotutofautisha. Mwalimu akihamishwa kutoka Kondoa kwenda Manyoni, hakuna serikali nyingine inayopaswa kuarifiwa. Mtumishi wetu akihamishiwa Berlin, tunaingia chini ya Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 kuhusu Mahusiano ya Kidiplomasia, na ibara ya 10 ya mkataba huo inatutaka tuiarifu wizara ya mambo ya nje ya nchi mwenyeji juu ya uteuzi wa mtumishi, kufika kwake na kuondoka kwake, na vilevile juu ya kufika na kuondoka kwa kila mwanafamilia wake, na hata juu ya mtu anayeanza au anayeacha kuwa mwanafamilia. Harusi, talaka na mtoto mchanga ni taarifa za kidiplomasia. Nimewahi kuandaa rasimu ya taarifa ya namna hiyo kwa ajili ya mtoto wa siku nne ambaye bado hakuwa amepewa jina.

Cheo cha mtumishi huamua pia kiasi cha ulinzi ambao familia yake itaupata, na jambo hili huwashangaza wengi wanaoingia katika kazi hii. Ngazi za wanadiplomasia zinafahamika: Katibu wa Tatu, wa Pili na wa Kwanza, Mshauri, Waziri Mshauri na kuendelea hadi kwa Balozi. Ubalozi, hata hivyo, una mhasibu, katibu muhtasi na watumishi wengine wa utawala na ufundi, na kwa hao ibara ya 37 inaweka mipaka. Kinga yao katika madai ya kiraia haivuki shughuli za kazi, na msamaha wao wa ushuru ni kwa vitu wanavyoingiza wakati wa kuweka makazi kwa mara ya kwanza. Mhasibu anayepanga kununua gari mwaka wa pili baada ya kuripoti anatakiwa kulijua hilo akiwa bado Dodoma, kwa sababu akilijulia bandarini atakuwa amekwisha kupata hasara.

Swali linalonichukua muda mrefu kuliko mengine yote ni la nani hasa ni familia. Mkataba unazungumzia wanafamilia walio sehemu ya kaya ya mwanadiplomasia, lakini haukufafanua maana ya maneno hayo, na kila nchi mwenyeji imejaza nafasi hiyo kwa kanuni zake. Marekani, kwa mfano, humtambua mtoto ambaye hajaoa wala kuolewa na aliye chini ya umri wa miaka 21, au chini ya miaka 23 akiwa mwanafunzi wa chuo wa muda wote. Kwetu sisi mtoto wa miaka 24 anayesubiri ajira yumo nyumbani, anakula mezani na baba yake na kumpeleka bibi yake hospitali, na hakuna anayeuliza kama ni sehemu ya kaya. Kumweleza mzazi kwamba kijana huyo atabaki ni mazungumzo ambayo sijawahi kuyafanya kwa simu. Huwa ninamwomba aje ofisini.

Lugha yetu yenyewe ina ukarimu ambao fomu za viza hazina. Mwanamume anayemlea mtoto wa marehemu kaka yake ni baba mkubwa au baba mdogo wa mtoto huyo, naye humwita mwanangu bila kuona kwamba amezidisha neno. Anakuja na orodha ya watoto wanne, na wote wanne ni wake kwa kila kipimo kinachojulikana katika ukoo. Fomu ya nchi mwenyeji inataka cheti cha kuzaliwa, na cheti kilichotolewa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kinaonyesha jina la baba mwingine. Hapo ndipo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inapoingia, kwa maana mtoto huyo anahitaji amri ya mahakama ya kuasiliwa au ya ulezi, na shauri la namna hiyo halimalizwi ndani ya wiki sita anazopewa mtumishi kujiandaa. Ushauri ninaoutoa kwa kila afisa anayeona zamu yake ya kwenda nje inakaribia ni kwamba kama kuna mtoto wa ndugu anayemlea, aanze taratibu za mahakama sasa, kabla barua haijaandikwa. Nimeona watoto wakiachwa kwa shangazi kwa miaka minne kwa sababu tu karatasi zilichelewa, na siwezi kuliita hilo jambo dogo.

Kuna pia ndoa ya wake wawili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua, na wake wote wawili wana haki sawa mbele yake, lakini nchi nyingi tunakopeleka watumishi humtambua mwenzi mmoja pekee. Muscat au Riyadh hali ni tofauti, kwa sababu sheria za nchi hizo zenyewe zinaitambua ndoa ya namna hiyo. Kwingineko, mtumishi analazimika kuamua ni mke yupi atakayesafiri kama mwenzi. Uamuzi huo si wangu, na nimejifunza kutotamka hata nusu ya maoni. Kazi yangu ni kumweleza kanuni za nchi anayokwenda, kuhakikisha uamuzi wake uko kwa maandishi, na kumhimiza apange fungu la mshahara wake wa nyumbani litakaloingia moja kwa moja katika akaunti ya kaya inayobaki. Mke anayebaki akikosa matumizi, barua ya malalamiko itafika kwetu, na kwa haki kabisa.

Tuseme sasa kwamba mwenzi ni mmoja na atasafiri. Mara nyingi yeye mwenyewe ni mtumishi wa umma: muuguzi, mwalimu, mhandisi wa maji. Ataomba likizo bila malipo, na tangu mwezi unaofuata mchango wake katika PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, yaani asilimia 5 yake na asilimia 15 ya mwajiri, hautakuwepo kwa kuwa hakuna mshahara wa kukatwa. Huko aendako, ruhusa ya kufanya kazi hutegemea kama nchi mwenyeji ina makubaliano na Tanzania au utaratibu wake wa kuwapa wenzi vibali, na hata kibali kikipatikana, leseni ya uuguzi ya hapa haitambuliki huko bila mitihani. Mwenzi mmoja, muuguzi wa chumba cha upasuaji, aliniuliza mbele ya mume wake: "Dada, mimi hasa ninakwenda kufanya nini?" Nilikuwa na jibu kuhusu viza, bima na nyumba, wala halikuwa jibu la swali lake. Naamini utumishi wetu unawadai watu hawa zaidi ya unavyowalipa, na kwamba suala la ajira za wenzi linastahili kuwekwa mezani kila tunapojadiliana mambo ya kibalozi na nchi nyingine, badala ya kukumbukwa mwishoni.

Shule ndiyo kalenda ya kweli ya uhamisho. Mwaka wa masomo kwetu unaanza Januari, mtihani wa darasa la saba ni Septemba na wa kidato cha nne ni Novemba, wakati Paris watoto huanza mwaka mpya Septemba na Geneva Agosti. Mtumishi mwenye mtoto wa darasa la saba akihamishwa Julai, ama mtoto aache mtihani, ama mama abaki hadi Oktoba huku baba akiishi peke yake. Kurudi ni kugumu zaidi. Mtoto aliyesoma kwa Kireno huko Brasília tangu darasa la kwanza anarudi akiwa na umri wa kuingia kidato cha pili, anazungumza Kiswahili cha jikoni lakini hawezi kuandika insha, na vyeti vyake vinahitaji kupelekwa Baraza la Mitihani ili vilinganishwe. Ninapoulizwa kwa nini afisa fulani anaomba kuongezewa miezi sita kituoni, huwa nalitazama kwanza faili lake upande wa watoto.

Kuhusu wasaidizi wa nyumbani nitasema wazi. Mkataba wa Vienna unamwita mtu huyo mtumishi binafsi wa mwanadiplomasia, asiye mwajiriwa wa nchi inayotuma, na wapo wanaoyasoma maneno hayo kana kwamba Serikali haihusiki naye. Inahusika. Binti aliyechukuliwa kijijini kwenda kulea watoto katika mji asioujua lugha yake hana mtu wa kumkimbilia isipokuwa sisi tuliomwandikia barua ya viza. Marekani hudai mkataba wa maandishi kabla ya kutoa viza ya A-3, ambayo ndiyo ya wasaidizi hao, nami hudai mkataba wa namna hiyo kwa kila kituo: ujira unaofuata sheria ya nchi mwenyeji, saa za kazi, siku ya mapumziko, malipo kupitia benki kwa jina lake mwenyewe, na pasipoti yake kukaa mkononi mwake. Wanaodhani kinga inafunika kila kitu wanapaswa kujua kwamba tarehe 6 Julai 2022 Mahakama ya Juu ya Uingereza, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua kwamba kumtumikisha mfanyakazi wa nyumbani katika hali ya utumwa wa kisasa ni shughuli ya kibiashara ambayo kinga ya mwanadiplomasia haiikingi. Ninauhesabu uamuzi huo kuwa msaada kwa kazi yetu.

Watumishi wenyeji, yaani dereva, mpokezi na mpishi walioajiriwa huko huko, nao wana nafasi yao. Mabalozi hubadilika, dereva anabaki miaka ishirini akijua kila ofisi ya mji. Mikataba yao hufuata sheria za kazi na hifadhi ya jamii za nchi yao, na mahakama hiyo hiyo ya Uingereza, tarehe 18 Oktoba 2017, ilikataa kuziachia balozi mbili zijifiche nyuma ya kinga ya dola dhidi ya madai ya wafanyakazi wa namna hiyo.

Orodha hizi zote zina siku yake. Vita vilipoanza Khartoum tarehe 15 Aprili 2023 na nchi mbalimbali kulazimika kuwaondoa watu wao, kila mwenye kazi kama yangu, popote alipokuwa, alikumbushwa kwamba basi na ndege hupangwa kwa idadi ya watu wote waliomo nyumbani, na kwamba orodha iliyoandikwa miaka miwili nyuma humwacha nje mtoto aliyezaliwa mwaka jana.

Mimi nililijua jambo hilo kwa njia nyingine. Miaka kadhaa iliyopita afisa wetu mmoja alifariki ghafla akiwa kituoni, mbali sana na nyumbani. Mjane wake alinipigia simu usiku, saa za Dodoma zikiwa saa tatu, naye hakuuliza kuhusu mirathi wala mizigo. Aliuliza: "Mama, kesho watoto waende shule au wasiende?" Nilimwambia waende. Ibara ya 39 ya Mkataba wa Vienna inasema kwamba mtumishi wa ubalozi akifariki, familia yake inaendelea kuwa na haki zake hadi upite muda wa kutosha wa kuondoka nchini, na ubalozi uliandika noti ya kidiplomasia asubuhi iliyofuata ukiomba muda huo ufike mwisho wa muhula. Ulikubaliwa. Mwili ulirudi ndani ya siku tisa. Mama na watoto walikwenda kuzika, wakarejea kituoni, wakamaliza muhula na kufunga nyumba.

Kilichokuwa kigumu kilikuwa ndani ya faili. Fomu ya wategemezi aliijaza wiki ya kwanza ya ajira yake, kabla hajaoa, na ilikuwa na jina la mama yake, ambaye alikuwa ameshafariki. Faili hilo lilikuwa limepita mikononi mwangu mara mbili, wakati wa kupandishwa cheo na wakati wa uhamisho, na mara zote mbili nilitazama vyeti vya elimu na tathmini za utendaji bila kuufungua ukurasa huo. Mjane alihitaji miezi mingi ya mahakama na viapo kuthibitisha jambo ambalo karatasi moja ingelithibitisha. Tangu hapo, mtumishi anayekwenda kituoni huja kwangu pamoja na mwenzi wake, tunaiweka fomu mezani, ninasoma kila jina kwa sauti, na wote wawili wanatia sahihi mbele yangu ndipo nipeleke maombi ya tiketi.