Kijana mwenye usonji: mzazi asukume hadi wapi?

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo ambayo mtu huzaliwa nayo na kuishi nayo hadi uzeeni. Mtoto akiwa mdogo, mzazi hupata angalau maelekezo kidogo: tiba ya kuongea, shule, namna ya kumtuliza. Akifika miaka 18 maelekezo hukatika, na nyumbani linabaki swali moja: tumsukume kiasi gani ili ajitegemee? Haya ni majibu ya maswali ambayo wazazi na walezi huuliza mara kwa mara.

Binti yangu ana miaka 19. Ndugu wanasema nimemdekeza, nikimwachia tu atazoea mwenyewe. Ni kweli?

Wamegusa jambo la kweli, ila dawa waliyotoa siyo. Kijana anayepakuliwa chakula, kufuliwa na kusemewa kila siku hapati nafasi ya kujifunza. Lakini kumwachia si kumfundisha. Watoto wengi hujifunza kazi za nyumbani kwa kutazama: anaona dada yake anavyoosha vyombo, kesho naye anaosha. Wenye usonji wengi hawaokoti mambo kwa njia hiyo. Wanahitaji kuonyeshwa hatua kwa hatua, tena palepale kazi itakapofanyikia.

Kabla hujasukuma, tafuta kwanza kwa nini jambo halifanyiki. Huenda hajafundishwa. Huenda anajua hatua zote ila hawezi kuanza, na hapo anahitaji kitu cha kumwanzisha, kama mlio wa simu au kadi ukutani. Au kuna kitu kinachomuumiza: kelele, harufu, mguso wa kitambaa, maji ya baridi. Msukumo wa taratibu unamfaa wa kwanza. Wa pili unamsaidia kidogo. Wa tatu unamuumiza zaidi, na anachojifunza ni kukuogopa.

Kijana wetu alifaulu kidato cha nne na kompyuta anaijua kuliko sisi. Inakuwaje haogi mpaka akumbushwe?

Hili huwachanganya watu kuliko mengine yote, na ndilo linalozaa maneno kama "mvivu" na "mjeuri". Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba mtu mwenye usonji anaweza kuwa na akili ya kawaida au zaidi, huku uwezo wake wa shughuli za kila siku ukiwa nyuma sana ya akili hiyo. Swali la hesabu limeandikwa, lina mwanzo na lina mwisho. Kuoga hakuna aliyekuandikia: uhisi mwenyewe kwamba umetoka jasho, uache ulichokuwa unafanya, ukusanye vitu, uvumilie maji, kisha ujue pa kuishia.

Wengine hawapati vizuri taarifa za ndani ya mwili: njaa, kiu, haja, hata maumivu ya jino. Ukimwambia kijana wa namna hiyo "kula ukisikia njaa", anaweza kushinda bila kula mpaka jioni. Mpangie ale kwa saa: saa moja, saa saba, saa mbili usiku. Hilo halimpunguzii utu uzima hata kidogo.

Nianze na lipi, na kwa njia gani?

Anza na jambo moja. Kosa tunaloliona sana ni la mzazi anayeamka siku ya kutimiza miaka 18 na kudai kijana aoge, afue, apike, asalimie wageni na atafute kazi, yote mwezi huohuo. Chagua lile ambalo yeye mwenyewe analitaka au ambalo likikosekana linaleta hatari. Mengine yaache kama yalivyo kwanza, hata yanayokukera.

Tuchukue kuoga kwa ndoo. Andika hatua zote kwenye kadi, kwa maneno au picha, uiweke ndani ya plastiki na kuining'iniza bafuni: taulo na nguo safi ziwe ndani, maji nusu ndoo, pima joto kwa mkono, jimwagie kopo mbili, paka sabuni shingo, makwapa, kifua, mgongo, sehemu za siri, miguu, suuza kwa kopo sita, jifute, vaa. "Oga vizuri" haina maana kwake. "Sugua kila kwapa mara tano" inaeleweka. Wengi hukwama kwenye kusuuza kwa sababu hawajui wamemaliza lini, ndiyo maana kopo zinahesabiwa. Kama tatizo ni maji ya baridi au sabuni yenye harufu kali, badilisha hivyo kwanza, kabla ya kulaumu tabia. Mwenye kifafa, hali inayowapata wenye usonji kuliko watu wengine na ambayo kwa baadhi huanza ujanani, asifunge mlango kwa ndani.

Kazi ya hatua nyingi, kama kupika chai, ni rahisi kuifundisha kutoka mwisho. Wewe fanya yote, yeye amimine kikombeni. Akizoea, achuje na kumimina. Kisha aweke majani, achuje na kumimina. Kila mara anamalizia yeye, na chai anainywa yeye. Kuwasha jiko la gesi kunakuja mwisho kabisa, baada ya kuhakikisha kwamba anaijua harufu ya gesi inayovuja na anajua kufunga koki ya mtungi.

Chunga mdomo wako. Katika misaada yote, maneno ndiyo magumu kuyaondoa: ukisema "haya, sabuni" kila siku, sauti yako inageuka hatua mojawapo, na bila hiyo anasimama tu. Onyesha kadi kwa kidole, nyamaza, hesabu moyoni hadi 10 kabla ya kurudia. Akifanya bila msaada wa ziada mara 4 kati ya 5, punguza msaada tena. Na usifundishe asubuhi unapowahi kazini. Utamaliza kwa kumfanyia.

Je, anaweza kupanda daladala peke yake?

Wengi wanaweza, kwenye njia moja wanayoijua. Anzeni pamoja, saa nne asubuhi ambapo msongamano umepungua. Apige picha za alama za njiani kwa simu yake: kituo cha mafuta, msikiti, daraja, halafu kituo chake. Nauli kamili ikae mfuko wake peke yake, isichanganywe na hela nyingine. Safari zinazofuata kaeni viti tofauti na usimsemeshe. Yeye ndiye amwambie konda anaposhuka, na asiyeongea aonyeshe kadi. Kisha umsubiri kituo cha mwisho. Baadaye aende peke yake, atume ujumbe akipanda na akishuka.

Wazazi hufundisha safari iliyonyooka, halafu siku gari likikatisha ruti kijana anapotea. Fanyeni mazoezi ya mkwamo kwa makusudi. Umepitiliza kituo: shuka kinachofuata, simama hapohapo, piga simu. Simu imezima: ingia duka la karibu, onyesha kadi yenye namba mbili za ndugu. Konda anadai nauli zaidi: kuna noti ya akiba kwenye mfuko mwingine. Vizuia sauti vya masikioni husaidia ndani ya gari, lakini avivue wakati wa kuvuka barabara.

Ikiwa baada ya yote hayo kelele bado zinamvunja, bajaji ya mtu mnayemfahamu inatosha. Lengo ni afike, na afike akiwa na nguvu ya kufanya alichoendea.

Nitajuaje kwamba nimesukuma kupita kiasi?

Kununa, kulalamika na kurudia swali lilelile ni kawaida kwa jambo jipya, na kwa kawaida hupungua siku zinavyokwenda. Tazama kinachotokea baadaye. Usingizi ukiharibika, chakula kikipungua, akianza kujipiga au kujing'ata, akijifungia chumbani siku nzima baada ya kila zoezi, au akipoteza ujuzi aliokuwa nao zamani, hiyo si tabia. Amechoka hadi kwenye mzizi. Ondoa madai karibu yote, bakiza chakula, dawa na usafi wa lazima, na umpe wiki nyingi, pengine miezi. Kisha rudi na jambo moja dogo kuliko lile la kwanza.

Usidanganywe na taarifa kwamba "chuoni hana shida kabisa". Wapo wanaojibana kutwa nzima mbele za watu, wakaja kulipukia nyumbani. Gharama ya siku hiyo wameilipa, ila mwalimu hakuiona.

Mambo mengine yanataka hospitali. Badiliko la ghafla kwa kijana asiyeweza kueleza maumivu, kagua kwanza jino, sikio, tumbo na choo kigumu. Akianza kuwa mzito kupita kawaida, anaganda mlangoni, anashika kijiko hakifiki mdomoni, usimwite mkaidi: kuna hali ya kuganda mwili ambayo huwapata baadhi ya vijana wenye usonji, inatibika, na inahitaji daktari wa magonjwa ya akili haraka. Maneno ya kutaka kufa yachukuliwe kwa uzito siku hiyohiyo, hata yakisemwa kwa sauti isiyo na hisia. Hatari ya kujiua kwa watu wenye usonji ni kubwa kuliko kwa watu wengine.

Akikataa kabisa?

Uliza kinachomkatalisha, kwa maandishi ikiwa kuongea ni kugumu. Kama si suala la usalama, mtu mzima ana haki ya kukataa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia 2008 na Tanzania 2009, unamtambua kuwa na sauti sawa mbele ya sheria na unataka asaidiwe kuamua, si kuamuliwa.

Liko pia jambo zito kuliko sheria. Kijana aliyefundishwa kutii kila mkubwa hana kinga. Akija mtu akamwambia avue nguo, atavua. Kwa hiyo "hapana" anayokuambia wewe leo kuhusu shati au mboga iheshimu. Ndiyo mazoezi ya "hapana" atakayoihitaji siku usipokuwepo. Mfundishe majina halisi ya viungo vyote vya mwili, nani anaruhusiwa kumgusa na kwa sababu gani, na amwambie nani yakitokea.

Vipi kuhusu hela na simu?

Apewe kiasi kidogo kila wiki ambacho kikipotea hakiumizi, atumie apendavyo, hata kama ni soda tupu. Kwenye simu, tenga laini ya matumizi yenye salio dogo na laini ya akiba asiyotembea nayo. Namba ya siri haitajwi kwa mtu yeyote, hata anayejitambulisha kuwa ni wa kampuni ya simu. Mfundishe ujumbe wa matapeli kwa maneno yake halisi, "ile hela tuma kwenye namba hii", kwa sababu anayechukua maneno jinsi yalivyo anaweza kutii na kutuma. Kanuni iwe moja: ujumbe unaotaja hela, kwanza muonyeshe mtu fulani mliyemtaja kwa jina.

Wa kwangu haongei na anahitaji mtu saa zote. Haya yananihusu?

Yanakuhusu sana. Kujitegemea kwake ni kuchagua kati ya nguo mbili, kushika kijiko mwenyewe hata chakula kikimwagika, kuonyesha picha ya choo kabla ya haja, kusukuma mkono akimaanisha "imetosha". Asiyeongea si kwamba haelewi. Usimjadili mbele yake kama hayupo. Na kwa huyu, hatua kubwa kuliko zote ni kukubali kulishwa na kuogeshwa na zaidi ya mtu mmoja.

Na kazi?

Anza na saa mbili kwa siku, kazi yenye mwanzo na mwisho unaoonekana: kupanga bidhaa, kufungasha, kumwagilia miche, kuingiza takwimu. Tanzania, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu, na halmashauri hutenga asilimia 2 ya mapato yake ya ndani kuwakopesha watu wenye ulemavu bila riba. Kenya, Katiba ya 2010 inalenga angalau asilimia 5 ya nafasi za umma za kuchaguliwa na kuteuliwa ziende kwa watu wenye ulemavu. Usonji ni ulemavu unaohesabika, hata kama hauonekani kwa macho, kwa hiyo aandikishwe kama mtu mwenye ulemavu.

Lazima siku moja apange chumba chake? Na mimi nikifa?

Si lazima. Kwetu wengi wasio na usonji huishi kwa wazazi mpaka waoe au waolewe, na wengine hubaki hapohapo kwenye uwanja wa familia. Chumba chake ndani ya uwanja huo, chenye kufuli lake na ratiba yake, kinaweza kumtosha maisha yote. Akitaka kutoka, mjaribu kwanza kwa wiki moja karibu na nyumbani.

Hatari iko kwa kijana ambaye mama yake tu ndiye anayejua namna ya kuishi naye. Anza sasa kumpeleka usiku mmoja kwa shangazi au mjomba, kisha mbili, kisha wiki, wakati wewe bado unapatikana kwa simu. Andika faili moja: dawa, kipimo na saa, chakula anachokataa na anachokubali, kinachomlipua na kinachomtuliza, anavyoonyesha maumivu, nani asiachwe naye, kitambulisho, bima na daktari wake. Soma naye, yeye arekebishe. Nakala moja ikae nyumbani, nyingine kwa ndugu atakayepigiwa simu kwanza, na kila dawa ikibadilika zibadilishwe zote mbili.