Ubora wa baklinki haupimwi kwa alama ya tovuti

Baklinki ni kiungo kilichowekwa kwenye ukurasa wa tovuti moja ili kumpeleka msomaji kwenye ukurasa wa tovuti nyingine, na ubora wake ni uzito ambao injini ya utafutaji inakipa kiungo hicho inapoamua ukurasa unaoelekezwa ukae wapi katika matokeo. Maana hii ni fupi na haina utata. Ningeishia hapa kama si mazoea, ambayo sasa yamegeuka kuwa kanuni, ya kuiita baklinki kuwa bora kwa sababu tu imetoka katika tovuti yenye alama kubwa.

Alama inayokusudiwa ni ile isiyozidi 100 ambayo kampuni ya Moz huiita Domain Authority na kampuni ya Ahrefs huiita Domain Rating. Kampuni hizo huzungusha programu zao katika intaneti, hukusanya viungo ambavyo programu hizo zimeviona, kisha hukadiria nguvu ya tovuti nzima kwa hesabu zao wenyewe. Ni kazi halali, na inamfaa anayetaka kulinganisha tovuti kwa haraka. Hata hivyo, Google imekwisha kusema kwamba haitumii Domain Authority kupanga matokeo, wala haina haja nayo, kwa kuwa ina kumbukumbu zake yenyewe za viungo. Pamoja na hayo, viungo vinauzwa kwa bei inayopanda kufuatana na alama hiyo, na mnunuzi huondoka akiamini kwamba amenunua ubora, ilhali alichonunua ni makadirio ya mtu wa tatu.

Ili kuona kosa lilipo, inafaa kurudi mwaka 1998, Larry Page na Sergey Brin walipoeleza mfumo wa PageRank wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford. Wazo lao lilifanana na desturi ya wanataaluma, ambao huipima makala kwa kuangalia ni makala gani nyingine zimeirejelea. Lakini hawakuhesabu viungo kwa idadi tu. Katika hesabu yao, kila ukurasa una thamani yake, inayotokana na thamani ya kurasa zinazouelekea, na ukurasa huo huigawa thamani hiyo kwa viungo vyote unavyovitoa, baada ya kuipunguza kwa kuizidisha na kigezo ambacho wao walikiweka kuwa 0.85. Kinachohesabiwa hapo ni ukurasa, wala si tovuti. Kwa hiyo kiungo kilichozikwa katika ukurasa ambao hakuna mwingine unaouelekea, kikiwa pamoja na viungo vingine mia mbili, hupitisha thamani ndogo sana, hata kama tovuti yenyewe inajulikana dunia nzima. Ukurasa wa tovuti ndogo unaorejelewa na wataalamu wa fani yake, ukitoa viungo vitano tu, unaweza kupitisha thamani kubwa zaidi. Google bado inautaja PageRank miongoni mwa mifumo yake, ingawa umebadilika sana tangu wakati huo.

Mambo mengine yameongezwa juu ya msingi huo. Maneno yanayobeba kiungo yalitumika tangu mwanzo kuwa maelezo ya ukurasa unaoelekezwa. Hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, ambayo Google ilipewa mwaka 2010 inaeleza namna ya kukipa kiungo uzito kulingana na uwezekano wa msomaji kukibofya, ili kilichomo katikati ya hoja kisilingane na kile kilichobandikwa chini kabisa ya ukurasa. Ipo pia alama ya nofollow katika msimbo wa kiungo, iliyoanzishwa mwaka 2005, ambayo mwenye ukurasa huitumia kusema kwamba hakidhamini kiungo fulani. Tangu mwaka 2019 Google huichukulia kuwa dokezo tu, wala si amri. Hakuna hata moja kati ya haya linaloweza kusomwa katika alama ya tovuti.

Upande wa pili wa mazoea hayo ni hofu kwamba kila kiungo kutoka tovuti yenye alama ndogo ni sumu. Hofu hiyo ina historia. Mwaka 2012 Google ilitoa sasisho la Penguin, yaani badiliko la mfumo wake lililolenga viungo vya hila, na tovuti nyingi zilizojijenga kwa viungo vya kununua zikaporomoka. Lakini tangu mwaka 2016 Penguin kwa kawaida huvipuuza viungo vya hila badala ya kuishusha tovuti nzima, ingawa wakaguzi wa Google bado wanaweza kuchukua hatua dhidi ya anayevinunua kwa makusudi. Kiungo dhaifu, kwa sehemu kubwa, ni sifuri. Anayekesha akivikana viungo ambavyo hakuviomba, yaani kuiomba Google isivihesabu, mara nyingi anafanya kazi ambayo injini imekwisha kuifanya, na Google yenyewe husema kwamba tovuti nyingi hazihitaji zana ya kuvikana.

Si vibaya kuitazama alama ya tovuti, mradi iitwe makadirio. Anayetaka kujua ubora wa baklinki aombe kwanza kuonyeshwa ukurasa wenyewe, ausome, aangalie ni nani wanaourejelea, kisha ajiulize kama mwandishi wake angekiweka kiungo hicho bila kulipwa.